Jana alipeleka dawa, leo anaiandika

Muuguzi aliyekaa miaka 12 katika ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, nchini Marekani huujua uso wa mgonjwa kabla mashine haijalia. Anarudi shule, anafaulu, anakuwa muuguzi mtabibu, anayepima wagonjwa na kuwaandikia dawa; wenyewe huwaita NP (nurse practitioner). Jumatatu yake ya kwanza kliniki anaingia mama mwenye kisukari na presha, kabeba mfuko wenye vichupa tisa vya dawa. Zamani angemwita daktari. Leo macho ya yule mama yanamtazama yeye.

Kada hii ilizaliwa Colorado mwaka 1965, mikononi mwa muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Ubishi wa sasa ni huu: je, mhitimu alazimishwe kupita mwaka mzima chini ya wazoefu, kama daktari anavyopita utarajali? Mipango ya hiari ipo tangu 2007, ilipoanzia kwenye kituo cha afya cha jamii huko Connecticut.

Wanaotaka iwe lazima wana hoja nzito. Viwango vya mafunzo vya 2022 vinadai angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa. Daktari hupita maelfu. Tena wanafunzi wengi huachiwa wajitafutie wenyewe wa kuwasimamia, jambo ambalo kwangu halikubaliki hata kidogo.

Wapinzani wanasema miaka ya uuguzi haihesabiwi katika saa hizo, na nafasi za mipango hiyo ni chache. Mshahara wa mwaka huo pia huwa pungufu. Hapo nawaelewa Wakenya walioko kule, waliojisomesha kwa zamu za usiku huku wakituma karo nyumbani.

Lakini uzoefu wa kitandani una mpaka wake. Kugundua kwamba mgonjwa amebadilika ni kazi moja. Kuamua anaumwa nini, na kipi kati ya vile vichupa tisa kiachwe, ni kazi nyingine, nayo hujifunzwa ukiwa na mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo mhitimu asinyimwe leseni kwa kutopita mwaka huo. Sharti apewe mwajiri: miezi ya mwanzo wagonjwa wachache kwa siku, na saa maalumu ya kupitia mafaili na mzoefu. Kituo cha kijijini chenye NP mmoja tu kilipiwe mzoefu wa kupatikana kwa simu, mgonjwa akiwa bado yupo chumbani.