Maua ya wiki moja na Makunduchi nisikofika

Mimi ni mtoto wa Mjini, Unguja, nimekulia Kikwajuni, na mpaka natimiza miaka 27 nilikuwa sijauona Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, hata mara moja. Makunduchi iko kisiwa hichohicho. Unatoka asubuhi, jioni umerudi, na nauli yake si ya kumfanya mtu akope. Lakini kila mwaka tulikuwa tunasema safari hii lazima twende, na Julai ikifika mmoja ana harusi, mwengine gari lake bovu, wa tatu kachoka tu. Tunasogeza mbele. Mwakani, inshallah. Kwani Makunduchi inakimbia?

Nilipokwenda kusoma Korea ndipo nilipokutana na watu ambao kitu chao kinakimbia kweli.

Sijamaliza hata mwezi chuoni Daejeon, ukaja ujumbe kwenye kikundi cha simu cha maabara yetu: Jumamosi saa 11 alfajiri, basi, Jinhae, maua. Nikauliza, maua tu? Maua tu. Hayaliwi, na kwa harufu asumini la nyumbani linayaacha mbali. Nikaenda kwa adabu, nikijua nitasinzia njia nzima.

Jinhae ni mji wa wanamaji kusini ya nchi, na tamasha lake la Gunhangje huwa mwisho wa Machi kuingia Aprili. Kuna kijito kinaitwa Yeojwacheon, miti ya cheri imekiinamia pande zote mbili mpaka ukitazama juu huoni mbingu, unaona weupe wenye rangi ya waridi kwa mbali. Na watu! Soko la Darajani mkesha wa Idi, basi zidisha mara kumi. Tofauti ni kwamba huku mnakwenda upande mmoja, kuna watu wenye filimbi wanaelekeza, ukitaka kurudi nyuma kupiga picha unarudishwa kwenye mstari. Nikaanza kunung'unika kwamba hii si sherehe, hii ni foleni. Mkubwa wangu wa maabara, mwanamke aliyenizidi miaka minne ambaye nilifundishwa nimwite eonni, yaani dada, alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia habari za Itaewon, Oktoba 29, 2022, watu zaidi ya 150 waliokufa kwa kubanana kwenye uchochoro mmoja wa Seoul. Sikunung'unika tena.

"Tazama sana leo," akanambia, "kesho kuna mvua." Na kweli, Jumapili ilinyesha. Jumatatu nilipokwenda darasani, yale ya chuoni yote yalikuwa chini kwenye lami, kama mtu kamwaga mchele. Wiki moja, ukibahatika siku kumi, halafu mpaka mwakani.

Na hata hiyo mwakani si ya kuaminika. Mwaka 2024 Jinhae walifungua tamasha miti ikiwa bado vijiti vitupu, kwa sababu maua yalichelewa. Kule Sokcho, kaskazini mashariki, wenye mji wakaomba radhi hadharani: tumefanya kosa la kustahili kifo, mbingu hatuziwezi, basi tamasha tutalifanya mara mbili. Wakalifanya mara mbili kweli, mwisho wa Machi na tena wiki iliyofuata. Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikajiuliza lini mimi niliombwa radhi na mtu yeyote, hata umeme ukikatika usiku wa Idi.

Sasa nasema langu, atakayenuna na anune: sisi wa kisiwani tumedekezwa na jua. Misimu tunayo, kusi na kaskazi, masika na vuli, lakini yetu ni misimu ya kazi, ya vyombo kusafiri, ya karafuu kuchumwa. Sijapata kusikia familia imekodi gari kwenda kutazama mikarafuu ikitoa vikonyo. Bahari iko pale Januari na iko pale Agosti, kwa hiyo mtu anakaa umbali wa kutupa jiwe na pwani na mwaka unakwisha hajakanyaga mchanga. Mkorea akisikia majani ya mlima Naejangsan yameiva wekundu, Novemba hiyo, anamfungia bibi yake maji na machungwa, wanapanda basi. Vikongwe wa miaka 80 nimepishana nao mlimani wamevaa viatu vya kupandia na fimbo mbili mkononi, na mimi kijana ndiye ninayehema.

Nisije nikaonekana nimeshanunuliwa. Matembezi yao yana ratiba, na ratiba ina mwenyewe. Kuna kitu wanakiita emti: kikundi kizima, darasa au maabara, kinakodi nyumba milimani kwa usiku mmoja ili watu wazoeane. Karatasi ilibandikwa mlangoni. Saa 8 mchana mpira, saa 10 chemsha bongo, saa 12 jioni kuchoma nyama. Furaha yenye saa! Na nyama yenyewe ni ya nguruwe, na kinywaji ni soju, pombe yao, na mimi nimekaa katikati na mtandio wangu nimeshika kikombe cha soda kwa mikono miwili kama walivyonifundisha. Ukikataa kumiminiwa na mkubwa, inaonekana umemkataa yeye. Mmoja wao alirudi na chupa mara tatu. Vijana wenzake wenyewe walikuwa wananinong'oneza kwamba na wao hawaipendi hii shughuli, ila nani atakosekana?

Lakini siku hiyohiyo eonni alitoa mfuko pembeni. Kamba wakubwa, kilo nzima, na kikaango kipya kina stika ya bei bado, na juu yake kabandika karatasi yenye jina langu kwa herufi zao. Hakunihutubia kitu. Akaweka kwenye jiko mbali na la nguruwe, akaanza kunichomea. Mpaka leo kikaango hicho ninacho.

Tukiwa bado ndani ya basi tunarudi, mweka hazina keshatuma hesabu: kila mtu won 41,350. Si elfu arubaini na kitu, si "toa ulichojaaliwa". Na hiyo hamsini ya mwisho nayo inadaiwa. Mwanzo niliona ni ubahili. Mandari ya kwetu mwenye gari katoa gari, mwenye nazi kaleta nazi, asiyekuwa na kitu kaja na mdomo wake, na mara nyingi ndiye anayewachekesha wote. Ila nikumbuke na upande wa pili: kwetu aliyetoa zaidi hasemi siku ile, anakuja kusema miaka mitatu baadaye, katikati ya ugomvi mwengine kabisa. Won 41,350 ukishalipa umelipa. Hakuna atakayekusimanga. Nimeizoea haraka kuliko nilivyotaraji, na wallahi kuna siku naitamani.

Kilichonishinda ni Chuseok. Hiyo ni sikukuu yao kubwa ya mavuno, siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa hesabu ya mwezi. Wanafuata mwezi kama sisi, ila wao mwezi wao umeshachapishwa kwenye kalenda, hakuna kukesha kusubiri nani kauona wapi na nani kamkatalia nani. Mwaka wangu wa kwanza niliisubiri kwa hamu nikidhani ni kama Idi. Wenzangu wote wakaondoka kwa wazazi wao, barabara kuu zikajaa magari yanayotambaa, na Daejeon ikabaki tupu. Milango imefungwa. Nilikula gimbap, wali uliokunjwa kwa mwani, ya samaki wa kopo kutoka duka la saa 24, nikaketi dirishani nautazama huo mwezi mpevu wa watu. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Ni kwamba siku hiyo ni ya ukoo, ya kuwapangia marehemu chakula, na mgeni hana mahali pa kukaa. Nyumbani siku ya Idi hata fundi aliyekuja juzi kutengeneza bomba anapata sahani yake, na watoto nisiowajua wanabisha hodi kutaka mkono wa Idi. Kule kikundi chako kikikushika hakikuachi, lakini siku ambayo huna kikundi, huna chochote. Hilo sibishani na mtu, nimelionja mwenyewe.

Kuna na matamasha ya kubuni, na haya ndiyo yanayonipa wivu. Boryeong, pwani ya magharibi, wana tope. Tope! Walianza kulitengenezea vipodozi, wakatafuta namna ya kuvitangaza, na mwaka 1998 wakaanzisha tamasha la watu kujipaka tope ufukweni kila kiangazi. Leo watu wanapanda ndege kulifuata. Hwacheon, karibu na mpaka wa Korea Kaskazini, ni wilaya ya watu wasiofika 30,000, na kila Januari mto unapoganda wanatoboa barafu maelfu ya matundu, wageni wanavua samaki aitwaye sancheoneo. Misimu mizuri wamepokea zaidi ya milioni moja. Nilikaa juu ya ndoo saa mbili, vidole vimekufa, nikiwafikiria wavuvi wa Nungwi wangenionaje. Halafu ndipo nikaambiwa samaki wenyewe wamefugwa kwengine, wamekuja kwa lori na kutiwa mtoni ili tuje tuwavue. Nilijihisi nimetapeliwa na nimestaajabu kwa pamoja. Watu wamenunua samaki, wakamwaga mtoni, wakauza ruhusa ya kuwatoa tena, na mji mzima ukapata riziki. Sisi tuna sherehe ya mwaka mpya ya kale hata mwanzo wake unabishaniwa, na mimi mwenyeji nilikuwa naisoma kwenye vipeperushi vya watalii.

Basi Julai mwaka jana nilikuwa nyumbani likizo, nikajitia Mkorea. Nikafungua kikundi cha simu, binamu 12, nikakodi daladala, nikapiga hesabu: kila mtu shilingi 15,000, kuondoka saa 1 asubuhi, asiyelipa hapandi. Mpaka usiku walikuwa wamelipa watano. Asubuhi saa 1 nilikuwa peke yangu na dereva. Saa 3 akatokea mama mdogo, ambaye hata kwenye kikundi hayumo, na watoto wanne na sufuria la pilau limefungwa kwa kanga, akapanda kiti cha mbele ndipo akauliza, "Tunakwenda wapi?"

Tulifika vita vya magomba vishaanza. Wanaume wa upande huu na wa upande ule wanachapana kwa mashina ya mgomba, hasira za mwaka zinatoka, na wanawake wamevaa wakapendeza wanapita wanaimba mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kikachomwa kibanda cha makuti, mzee akachomoka ndani na watu wakapiga kelele. Nililia, sijui kwa moshi au kwa nini. Tulipokuwa tunatafuta kivuli mama mmoja tusiyemjua alinishika mkono. Siku hiyo kukosa mgeni nyumbani ni mkosi, na yeye alikuwa hajapata wa kwake. Sasa kapata 17. Pilau la mama mdogo likaunganishwa na wali wake na samaki, na hesabu yangu ya elfu 15 nikaacha kuidai hapohapo.

Nikamtumia eonni picha ya kibanda kikiwaka. Hazikupita dakika mbili akajibu: mwakani ni tarehe ngapi hasa, anataka kukata tiketi mapema. Nikamgeukia mama mdogo, nikamuuliza mwakani itakuwa tarehe ngapi.

"Julai," akasema, anamega samaki. "Kwani Makunduchi inakimbia?"