Mwanamke tuliyemsahau katika Commando

Nikiwa mtoto Kadutu, hapa Bukavu, filamu yetu kubwa ilikuwa Commando ya 1985. Tulibanana kwenye benchi katika chumba cha video, jenereta ikinguruma nje, na Schwarzenegger alipotokea na gogo begani kila kijana alijikaza misuli. Tulitoka tukijua mwanaume ni nani: anapigana peke yake, halii, haombi msaada.

Juzi niliitazama tena pamoja na binti yangu. Akaniuliza, "Papa, kumbe huyu mama ndiye anaendesha ndege?"

Ndiye. Cindy ndiye anayerusha ndege mpaka kisiwani alikofichwa binti wa shujaa. Ndiye pia anayefyatua roketi kumtoa shujaa wetu katika gari la polisi. Na Jenny, huyo binti aliyetekwa? Watekaji wanapokuja kumuua wanakuta chumba kitupu, ameshajitoa mwenyewe. Haya yote yalikuwa mbele ya macho yetu, wala hakuna hata mmoja aliyeyasimulia njiani kurudi nyumbani. Filamu ina lawama yake, maana kamera inapenda misuli kuliko kitu kingine chochote. Lakini na sisi tulichagua cha kukumbuka.

Jirani yangu mmoja alipoteza kazi. Mke wake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na hizo ndizo zinazolipa karo na unga. Kila asubuhi mume anavaa shati lililopigwa pasi na kuondoka, ili watu wadhani anakwenda kazini. Jioni anarudi amechoka kwa kutembea tu. Nikisikia wanaume wa hapa wakisema ufeministi umekuja kuwavunja, namfikiria yeye. Kilichomvunja ni ule mfano wa mwanaume asiyesaidiwa, tena mfano wa uongo, kwa sababu hata Commando mwenyewe alisaidiwa.

Mtengeneza filamu Mkongo Dieudo Hamadi alitupa picha nyingine mwaka 2017 katika filamu yake ya maisha halisi, Maman Colonelle. Kanali Honorine Munyole, polisi aliyewatetea wanawake na watoto Bukavu kwa miaka mingi, anahamishiwa Kisangani na kuanza upya. Hana bunduki ya kutikisa ukumbi. Anasikiliza, anaomba msaada hadharani sokoni, na hakuna anayemwona dhaifu.

Natamani filamu ya namna hiyo kuhusu mwanaume. Anabaki nyumbani, anapika ugali, mke anarudi na beseni tupu, naye anampokea mlangoni bila aibu. Jirani yangu ningemlipia kiingilio mimi.