Sikuruka Dirishani, Nilitoka Nusu

Naona klipu ya rafiki yangu fundi simu, ile mimi nipo kwenye dirisha la daladala napiga ukunga, imefika mpaka kwa shangazi Tanga, kwa hiyo kabla haijafika kwa mchungaji ngoja na mimi niongee. Kwanza kabisa sikuruka dirishani. Nilitoka nusu, kiuno kikagoma.

Diwani mnamjua, wa kitambo humu mshaona picha zake, yule kinyonga wa kijani anayekaa kwenye mti wa mbaazi uani kwetu Segerea. Simfungii, mti wake, mi nampelekea panzi tu. Jina tulimpa sababu akianza kuvuka tawi jicho moja linaangalia huku jingine kule, anaenda mbele anarudi nyuma, na kufika hafiki.

Sasa wiki hii akatubadilikia. Panzi hataki. Mtu ambaye hashukagi mtini kaanza kutembea chini mchana kweupe, tumbo limejaa, kajitia madoa meusi, akifika kwenye tuta la mchicha la mama mwenye nyumba anachimbachimba afu anaacha anahamia pengine. Mi si ndo mtafiti bwana, kila akianza nipo na simu narekodi, usiku namulika tochi. Juzi jioni ndo akanimaliza, jicho moja likavimba likatoka nje hukooo, analizungusha, analisugua kwenye kijiti. Nikaita watu. Mama mwenye nyumba akaangalia mara moja, akajifunga kanga vizuri: "Mwanangu, huyo anataka kuzaa, na kinyonga akizaa anapasuka. Mtoe, asinipasukie kwenye mchicha wangu."

Jana asubuhi nikamtia kwenye boksi la viatu lenye matundu, mimi na fundi simu huyo tukaelekea duka la dawa za mifugo Buguruni. Bodaboda niliogopa mashimo, mtu ana tumbo lile. Tukapanda daladala. (Mnaouliza kwa nini sikumwita daktari nyumbani, kwa hela ya nani?)

Imejaa. Nimesimama, boksi kwapani, mkono mwingine uko juu kwenye bomba. Mbele yangu kakaa mama mmoja kapendeza, anaonekana anaenda shughulini, wigi refu, jipya, bado lina harufu ya dukani. Konda anasema nyuma kuna nafasi, nyuma hakuna nafasi, watu wanasukumana, mara nasikia kifuniko cha boksi kimelegea. Nikashusha macho, shingo sikuigusa, macho tu.

Diwani ashatoa kichwa. Mkono mmoja umenyooka hewani, unatafuta. Vidole viwili huku, vitatu kule, vikafika kwenye wigi la yule mama vikafumba taratiiibu. Akapumzika. Akayumba mbele, akayumba nyuma. Mguu wa pili. Jicho moja ananiangalia mimi, jingine liko kwa konda. Nami naomba Mungu yule mama asijikune. Mguu wa tatu. Mkia nao ukatoka kwenye boksi, ukajizungusha kwenye nywele, ndo nikajua huyu anahama jumla, kaona kilele anakwenda.

"Nauli huko, kaka mwenye boksi!"

Nikaachia bomba, nikapeleka mkono polepole ili nimnyofoe bila mtu kujua. Mkono uko juu ya kichwa cha mama wa watu, dereva akakanyaga breki pale Barakuda. Kiganja chote, pwaa, kwenye wigi.

"We kaka! Unanishika kichwa?"

Sasa nyie mngesema nini? Mi mdomo ukatangulia: "Sio mimi mama, ni Diwani."

Gari zima kimya. Mzee mmoja wa siti ya nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Diwani wa kata gani?"

Na Diwani ndo kafika juu kabisa, kanyanyua zile ndewe za kisogoni, kaachama mdomo ndani rangi ya chungwa, anatoa pumzi *hhhhhh*, na yule mama akajiona kwenye kioo cha dereva. Sijawahi kusikia sauti ile. Akang'oa wigi akalirusha nyuma, na Diwani hakuachia, wakaja wote wawili kifuani kwangu. Mi mlishaji wake, niliyemzoea miezi yote hiyo, nikapiga ukunga kumzidi mwenye wigi, nikaelekea dirishani. Yaliyobaki mmeyaona. Sauti inayosema "simjui huyu jamaa" ndo ya rafiki yangu.

Tukashushwa, mmoja anasema mchawi, nauli hairudi, tukachukua bajaji. Kijana wa dukani Buguruni alicheka mpaka akakaa. Kumbe Diwani ni wa viti maalum. Hapasuki, na wala hazai, wale wenye pembe wa Mlima Meru ndo wanazaa watoto, huyu wetu wa Pwani anataga, na mayai yanaweza kuzidi 30. Jicho alikuwa analisafisha vumbi tu. Kushuka chini alikuwa anatafuta udongo laini wenye unyevu, na kila nikimsogelea anaacha shimo. "Ungekuwa wewe uko leba afu mtu anakumulika tochi anarekodi, ungejifungua?" Akasema huyo ni mnyamapori, mrudishe ulipomtoa na umwache.

Tukamrudisha, tuta likamwagiwa maji, simu ikafungiwa ndani. Jioni kachimba mpaka kazama, kataga, kafukia kwa miguu, leo asubuhi yuko juu ya mbaazi kakonda anakula panzi. Mwenye wigi kanipata kupitia klipu, tumeelewana mwisho wa mwezi.

Kilichobaki ni mama mwenye nyumba. Kaambiwa mayai yatakaa ardhini miezi mingi ndo yatotoe, kafunika pale na beseni bovu, afu kaniuliza watakuwa wangapi kamili, maana kwake bili ya maji inagawanywa kwa vichwa.