Dawa ya kuzuia pumu: nani analipa, nani ananufaika

Wenye pumu wa Dodoma wanakijua vizuri kipindi cha kiangazi, upepo unapotimua vumbi kutwa nzima na usiku baridi ikaingia. Mgonjwa akibanwa usiku wa manane huko Bahi au Kongwa, familia hutafuta usafiri wa kukodi, na akifika hospitalini huwekewa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, pengine na oksijeni, kisha hulazwa huku ndugu mmoja akiacha shughuli zake ili amuuguze. Je, kugharamia dawa ya kila siku kungepunguza safari hizo kiasi cha kurudisha fedha zake?

Kitabibu, hoja ya kuzuia ina nguvu. Salbutamol, ambayo wengi wanaiita tu pampu, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa dakika chache, lakini uvimbe ulio ndani ya njia hizo huuacha ulivyo. Uvimbe huo hutulizwa na dawa za kuvuta kama beklometasoni na budesonidi, zinazofanya kazi polepole, kwa siku na wiki. Ndiyo maana mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, GINA, uliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamol peke yake.

Kiuchumi, mfano unaotajwa sana ni Finland, iliyoendesha mpango wa taifa wa pumu kuanzia 1994 hadi 2004. Matumizi ya dawa za kuzuia yaliongezeka, ilhali siku za kulazwa kwa pumu zilishuka kutoka takriban 110,000 mwaka 1993 hadi 51,000 hivi mwaka 2003, na gharama kwa kila mgonjwa zikapungua kwa zaidi ya theluthi.

Hata hivyo, Finland haikugawa makopo ya dawa tu. Iliwafundisha madaktari, wauguzi na wafamasia wa ngazi ya msingi kuutambua ugonjwa mapema na kumfuatilia mgonjwa. Katika zahanati isiyo na hata kipimo rahisi cha nguvu ya pumzi, kifua kikuu au ugonjwa wa moyo unaweza kutibiwa kama pumu, na dawa ikapotea bure. Wapo pia wagonjwa wengi wa pumu nyepesi ambao wasingelazwa kamwe. Kuwapa wote dawa ya kila siku kunaongeza matumizi bila kupunguza vitanda vilivyojaa.

Kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, kimo katika hesabu ya familia. Kopo la mivuto 200, kwa mtu anayevuta mara nne kwa siku, linakwisha baada ya siku 50. Mgonjwa anatakiwa anunue jingine wakati anajisikia mzima, mahindi yamepanda bei na ada ya shule inadaiwa, huku majirani wakimwonya kwamba akiizoea pampu hataweza kuiacha. Siwezi kumlaumu anayeahirisha. Fedha inatoka mfukoni mwake leo, lakini sehemu kubwa ya nafuu ya kesho inakwenda kwa hospitali na kwa mfuko wa bima.

Kwa hiyo mwenye sababu ya kulipa ni bima. Tatizo ni kwamba CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilijengwa juu ya mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, kiasi kisichoweza kubeba dawa ya kudumu kwa kila anayekohoa. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unatoa nafasi ya kuipanga hesabu hii upya, nami ningeanza na kundi dogo: wale ambao wameshalazwa kwa pumu. Hao ndio walio katika hatari kubwa ya kurudi, na ndio ambao kila kopo lina uwezekano mkubwa wa kujilipa. Asiruhusiwe mtu kutoka wodini bila dawa ya kuzuia mkononi, bila kuonyeshwa namna ya kuivuta na kusukutua kinywa baada yake, na, kwa mtoto, bila chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ili kopo lishike barabara na mtoto aivute dawa kupitia mdomo wa chupa. Chupa hiyo imethibitika kufanya kazi vizuri, na haina gharama.