Vidonge vya presha: hospitali au zahanati ya kijiji?

Mkulima wa Bahi au Chemba aliyepangiwa kliniki ya presha hospitalini kila mwezi anaijua hesabu yake: nauli, siku nzima ya foleni, kisha vidonge vya siku 30. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Shamba likiita, kliniki itasubiri. Na kwa vile presha haiumi, vidonge vikiisha haoni alichopoteza, hadi kiharusi kimkute.

Ndiyo maana wapo wanaotaka huduma hii ishushwe zahanati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unakubali hata muuguzi atoe dawa za presha, mradi amefunzwa, ana utaratibu wa kufuata na daktari anamsimamia. Mgonjwa ambaye presha yake imetulia anaweza kuonwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Madaktari wanaosita hawalindi vyeo tu. Mjamzito mwenye presha, mgonjwa wa figo, au anayefika na presha ya 180 kwa 110 huku kifua kinabana, hao si wa kumaliziwa zahanati. Halafu kuna kipimo chenyewe. Mtu katembea juani, kafika kaketi, mkanda kafungwa juu ya shati, mkono unaning'inia, na anahojiwa huku mashine ikijaa upepo. Namba hiyo itazidi presha yake halisi, na kwa namba hiyo ataandikiwa dawa ya maisha! Alitakiwa apumzike dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, apimwe tena, na siku nyingine pia.

Hoja nzito, ila hospitalini nako foleni ikirefuka mkanda hufungwa juu ya shati vilevile. Kwenye kinga ndiyo kabisa zahanati inashinda. Ushauri ni chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Mhudumu wa afya wa kijijini ndiye atakayekumbuka kuuliza kuhusu magadi ya kwenye mlenda, ambayo nayo yana sodiamu.

Hofu yangu ni dawa. Amlodipini, moja ya dawa za presha, ikikosekana mwezi wa pili, mgonjwa ataambiwa akanunue dukani, na wengi wataacha. Kwa hiyo ningeanza na waliokwisha kutulia: wahamishiwe zahanati yenye akiba ya miezi mitatu kabatini na mashine inayofanya kazi. Wapya waanzishiwe dawa kituo cha afya, mpaka tabibu wa kijijini afunzwe.