Dawa ya kamba mbele ya chumvi

Ukitoka Malindi kwenda kaskazini, ukishafika Gongoni unaona viwanja vya chumvi vinavyong'ara juani. Ngomeni hapo jirani kuna mabwawa ya kamba na kaa, kando ya mikoko. Ubishi ninaoutaja hapa ni wa majirani hao hao wawili, chumvi na kamba.

Kamba akifugwa kwa wingi huandamwa na bakteria wa jamii ya Vibrio, ndugu wa yule wa kipindupindu. Ukimwaga antibiotiki bwawani, maji huishia horini na bakteria wa huko wanazoea dawa. Badala yake wengine wanapendekeza peptidi: vipande vifupi vya protini ambavyo viumbe hujitengenezea kujikinga. Mtafiti Michael Zasloff alizieleza mwaka 1987 kutoka ngozi ya chura wa Afrika, na 1997 zikapatikana kwenye damu ya kamba mwenyewe.

Wanaozitetea wana hoja. Peptidi hizi zina chaji chanya, ngozi ya bakteria ina chaji hasi. Zinanata, zinajichomeka, ngozi inatoboka. Bakteria kugeuza ngozi yake nzima si kazi nyepesi, na peptidi iliyobaki majini huliwa ikaisha.

Sasa tia chumvi. Lita ya maji ya bahari ina gramu kama 35, na ndani yake sodiamu, magnesiamu na kalisiamu, zote chanya, zimeshawahi nafasi ambayo peptidi ilikuwa ikaikalie. Nyingi zinazotamba maabara hufika baharini zikalegea. Za samaki, kama pisidini, zinastahimili; zimezaliwa humo. Lakini hata hizo hukutana na bakteria wanaotoa vimeng'enya vya kukata protini. Na mililita moja ya bahari ina bakteria kama milioni moja, wengi wao hawana kosa lolote na ndio wanaolisha viumbe wengine. Peptidi haiulizi nani ni nani.

Wanaozitetea wanaposema usugu, yaani bakteria kuzoea dawa, hautakuja, hapo ndipo nakataa. Kolistini, antibiotiki inayojulikana, nayo ni peptidi. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni la mcr-1, linalohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine na kumkinga dhidi ya kolistini. 2017 China ikaiondoa kwenye chakula cha kukuzia mifugo. Miili yetu nayo hujilinda kwa peptidi za namna hiyo. Bakteria akizizoea bwawani, sina hakika ataishia bwawani. Hilo linanitisha kuliko bei, ingawa bei nayo si mchezo kwa mfugaji mdogo.

Kwa hiyo bwawani nisingemwaga peptidi. Kuichanganya na chakula ni afadhali, japo tumbo la kamba nalo husaga protini. Mahali ningeijaribu bila wasiwasi mkubwa ni kwenye matangi ya vifaranga vya kamba: maji machache, chumvi unaipima mwenyewe, na kabla ya kuyamwaga unaweza kuyatibu.