Mswaki Ulionigombanisha na Bibi wa Maryland

Juzi nikisubiri basi hapa Maryland, Marekani, nilivunja kijiti cha mti uliochomoza nje ya uzio, nikaanza kukitafuna kama mswaki. Bibi mmoja mwenye mbwa akanipigia kelele: "Kitoe mdomoni!" Niliudhika. Kijiti tu! Kumbe pale zamani palikuwa na draiklina, dawa ya kutolea madoa ya nguo ikavujia ardhini, na ile miti iitwayo mipopla iliyopangwa mistari imepandwa iifuate hukohuko chini.

Mizizi hunyonya maji pamoja na kemikali. Vijidudu vya kwenye udongo wa mizizi huvunjavunja sehemu yake, nyingine huvunjika ndani ya mti, nyingine hutoka majanini kama mvuke. Aberdeen, jimbo hilihili, ilipandwa mipopla 183 mwaka 1996 katika eneo la jeshi walikokuwa wakichomea kemikali mashimoni. Ni kazi ya miaka. Tena baridi ikija majani yanapukutika, mti unalala, haunywi.

Hapo nikaikumbuka Ndeeba, mtaa wetu kule Kampala. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mti! Ungekunywa Januari hadi Desemba. Mikaratusi si ndiyo iliyopandwa kukausha vinamasi?

Najua mtasema: "Huyu kala baga miaka sita, sasa anatufundisha kupanda miti." Mimi nimekulia nyuma ya gereji ya mjomba. Vipuri tuliosha kwa petroli kwenye karai, jioni karai linamwagwa kando ya ukuta, hatua tatu kutoka kwenye matuta ya dodo, yaani mchicha. Na dodo hiyo nimeila, tena nikaongeza.

Wala msiniambie haya ni mambo ya wazungu. Mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo yamechuja maji machafu ya Kampala kabla hayajafika Ziwa Viktoria, bila mshahara, nasi tukayafyeka tupande magimbi.

Kuna atakayeuliza nani Kampala ana kiwanja cha kukizungushia uzio miaka ishirini. Hapo mmenishika. Ploti ikikaa wazi wiki mbili, utakuta mtu ameshamwaga mchanga na matofali. Lakini ukuta wa gereji unatosha miti minne, na dodo inaweza kuhamia upande wa pili.

Nilimpigia mjomba nikamweleza yote, dakika kumi nzima. Akanisikiliza vizuri, kisha akauliza: "Sasa mpwa wangu, huo mti unazaa nini?"